Kidole Kivivu

"Mbukwa, mwanangu," akasema, akaketi
kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya.
Mwavuli wangu wa wakala ulikuwa unagombana na upepo,
upepo wa Julai wa Dodoma, mkavu, usio na haya,
unaotia vumbi hata ndani ya maneno.
Nikamwomba namba ya kitambulisho.
Aliitoa kwenye pindo la khanga,
imeandikwa kwa penseli nyuma ya bahasha ya sadaka.

Foibe Mbeleje. Kazi? Akasita.
"Andika mkulima." Halafu: "Hapana, andika kokoto."
Fomu haina kokoto.
Nikaandika mengineyo.

Weka gumba hapa, mama, juu ya kioo.
Mashine ikafikiri. Taa nyekundu.
Weka tena. Nyekundu.
Cha shahada, cha kati, cha pete,
mkono wa kulia wote ukapita pale
kama foleni ya wagonjwa ambao daktari hakutoka.
HAJATAMBULIKA, ikaandika, kwa herufi za heshima.

Tukavisugua kwa ndimu. Tukavifuta kwa pamba.
Muuza maandazi akaleta mafuta ya alizeti;
siku hizi kila mtu ni fundi wa vidole vya mwenzake.
Ndipo nikavishika, nikavigeuzia juani:
ncha zote laini, zinang'aa
kama mpini wa jembe la kurithi.

Miaka kumi na minane chini ya kilima cha Ntyuka.
Nyundo, jiwe, ndoo.
Nyundo, jiwe, ndoo.
Malori yanapakia, yanashuka mjini,
mji unapanda ghorofa juu ya ghorofa.
Mistari ya vidole vyake imehamia huko,
imo ndani ya nguzo, ndani ya ngazi, chini ya vigae
vya ofisi ileile, pengine, inayotaka kujua yeye ni nani.
Sikulisema hilo. Mimi nalipwa kwa laini,
silipwi kwa mawazo.

"Ikifungwa," aliuliza, "hela ya Yoeli itapitia wapi?"
Yoeli yuko Mererani, chini ya ardhi,
na kila mwisho wa mwezi simu hulia mara moja tu,
mlio mfupi, kama kikohozi cha mtu mlangoni.
"Zamani aliipa bahasha kondakta wa basi.
Ilifika imekonda.
Kondakta alikuwa mwizi, lakini alinijua."

Kikabaki kidole cha mwisho, cha kushoto.
Akakikunja. "Hicho? Hicho hakina kazi."
Nyundo ilikivunja mwaka ule wa njaa,
kikaunga vibaya, kimepinda, kinatazama juu,
tangu hapo hakijashika mpini wala mwiko,
wenzake wanaponda, chenyewe kimekaa kando
kama mkwe aliyefika ugenini.
Niliona aibu kukiomba.

Kioo kikafikiri.
Kijani.

Jina lote likatokea, na picha,
na mwaka wa kuzaliwa uliokisiwa na karani.
Akacheka hadi kiti kikayumba:
"Tisa wanalima, wa kumi ndiye mwenye shamba!"
Muuza maandazi akacheka. Nami nikacheka.
Kisha akakitazama kile kidole
muda mrefu, kama mtu aliyeletewa mtoto
asiyekumbuka kumzaa.

Wiki mbili baadaye nilipita Ntyuka kupeleka vocha.
Alikuwa pale, miguu imenyooka, rundo mbele yake,
kijiwe kimoja kikaruka hadi kwenye kiatu changu.
Hakuniona. Nyundo, jiwe, ndoo.
Kile kidole alikuwa amekiviringishia kipande cha khanga,
zambarau, kimefungwa kwa uzi mara tatu,
kimesimama peke yake juu ya vumbi,
safi,
anakitunza kama cheti.